Tone la Damu na Uhai wa Mtoto Mchanga



Siku arobaini za uzazi zina heshima yake katika nyumba zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe. Mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto, na mtoto hufunikwa asipigwe na baridi. Ada hizi tumezirithi kwa wazee wetu, nasi twazipenda. Lakini ndani ya siku hizo hizo hutokea jambo ambalo hatuna budi kulizungumza waziwazi.

Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huliacha titi, siku ya tano au ya tisa. Halii sana. Homa hana, pengine hata mwili wake umepoa. Bibi husema ni chango, shangazi husema ni jicho. Dua husomwa, kombe huletwa, na jirani hutoa chupa ya dawa iliyobaki kwa mwanawe. Kisha watu husubiri kukuche. Iwapo ndani ya damu ya mtoto yule mna bakteria, usiku mmoja ni muda mrefu mno.

Maradhi haya ni maambukizi makali ya damu, na madaktari huyaita sepsisi. Mtoto mchanga kinga yake haijakomaa, kwa hiyo mwili wake hauonyeshi ugonjwa kama mwili wa mtu mzima. Bakteria wanaomshambulia siku tatu za mwanzo mara nyingi huwa wametoka kwa mama, hasa ikiwa chupa ya uzazi ilipasuka mapema au mama alikuwa na homa wakati wa uchungu. Wanaokuja baadaye hupitia kitovu, mikono ya wanaompakata na vyombo visivyo safi. Mtoto njiti huwa katika hatari kubwa zaidi.

Ushahidi wa uzito wa jambo hili haukutoka mbali. Ukiifuata barabara ya Malindi kutoka Kisauni utafika Kilifi. Katika hospitali ya huko, tangu Agosti 1998 hadi Julai 2002, watafiti walipima damu ya watoto waliolazwa ili kuona kama ina bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Miongoni mwa watoto wa chini ya siku 60, asilimia 12.8 walikuwa na bakteria katika damu, yaani kiasi cha mmoja katika kila wanane. Katika vifo vya watoto vilivyotokea hospitalini, zaidi ya robo vilihusu watoto wenye bakteria katika damu, idadi iliyopita ile ya malaria. Na theluthi moja ya vifo hivyo vilitokea siku ile ile mtoto alipolazwa. Hapa ndipo tunapoomba kila mama na kila bibi asimame kidogo na kutafakari: wengi wa watoto wale walifika hospitalini wakati umekwisha.

Je, damu ya mtoto hupimwaje? Kipimo kikuu ni cha kuotesha. Damu kidogo hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa mahali pa joto katika maabara. Wakiwemo, huota, na wataalamu hujua ni bakteria gani na ni dawa gani itakayowaua. Jambo hili la pili ni muhimu sana siku hizi, kwa kuwa bakteria wengine wamezizoea dawa za kawaida. Viko pia vipimo vya haraka zaidi: kuhesabu chembechembe za damu, na kupima protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapopigana na maambukizi. Kwa kuwa protini hii huchukua saa kadhaa kupanda, daktari anaweza kutaka kuipima tena kesho yake. Kurudiwa huko si kosa wala si tamaa ya damu.

Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili au zaidi, na mtoto hawezi kuyangoja. Kwa hiyo daktari huchukua damu kwanza, kisha huanza sindano za dawa papo hapo. Majibu yakija, dawa huendelezwa, hubadilishwa au husimamishwa. Ndiyo maana ile chupa ya jirani ina madhara mawili: haitoshi kumponya mtoto, na huweza kuwaficha bakteria wasiote katika maabara. Ikiwa mtoto amekwishapewa dawa yoyote, mwambieni muuguzi bila ya haya. Aidha, majibu yakisema hakuna kilichoota, hiyo si hakika kwamba mtoto ni mzima. Daktari huyapima pamoja na dalili anazoziona.

Tunaijua hofu iliyopo. Hadithi za mumiani ni za zamani katika pwani yetu, na mama anapoona sindano ikiingia katika mkono mdogo kama ule, moyo humruka. Basi natupige hesabu. Mtoto wa kilo tatu ana damu ya kiasi cha mililita 240. Kinachochukuliwa kwa kipimo cha kuotesha ni mililita moja au mbili, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Ni haki yako kuuliza: mwanangu anapimwa nini, majibu yatatoka lini, nani atanieleza? Uliza kwa adabu, na usichoke kuyafuata majibu. Lakini usimtoe mtoto hospitalini kwa sababu ya kuhofia sindano.

Mpelekeni mtoto hospitalini mara moja, usiku au mchana, mkiona hata moja katika haya:

– ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu;
– amelegea, au hajitikisi mpaka aguswe;
– anapumua kwa kasi, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
– mwili una joto la 37.5 au zaidi, au umepoa chini ya 35.5;
– amepatwa na degedege;
– kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha.

Hospitali ya Likoni iko, ya Port Reitz iko, na Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Kivuko huvusha watu hata usiku. Asingojwe baba aliye zamu bandarini ndipo uamuzi utolewe. Apigiwe simu mkiwa njiani.

Na arobaini je? Sheria haikumkataza mwenye nifasi kutoka nyumbani kwenda kutafuta matibabu. Hiyo ni ada, na ada haiwekwi mbele ya uhai. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na dua haikatazwi ndani ya wodi. Bibi na asome huku amempakata mjukuu garini.

Wageni wanaokuja kumtazama mzazi waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea mtoto. Kitovu kisipakwe kitu chochote ila dawa iliyotolewa kliniki. Na siku mtoto atakaponyamaza kimya kisicho cha kawaida, tusimsifu kwa utulivu wake. Tumtazame anavyopumua, tumpe titi, na akilikataa, tuondoke.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awape afya wazazi wao. Amin.