Modeli na Kompyuta katika Kiinimacho cha Filamu za Bunilizi ya Kisayansi: Mfano wa Pumzi

IKISIRI
Makala hii inajadili njia mbili za kutenda kiinimacho katika filamu za bunilizi ya kisayansi: modeli ndogo zinazoundwa kwa mikono na picha zinazotungwa kwa kompyuta. Tunadai kwamba tofauti ya msingi baina yake si ukale na usasa, bali ni mahali ilipo kazi ya msanii: katika kitu chenyewe au katika hesabu.

1.0 Utangulizi
Mtoto anayefinyanga lori la udongo katika kijiji kama Kasansa, mkoani Katavi, hulala kifudifudi ili jicho lake liwe sawa na magurudumu. Akisimama, anaona kichezeo. Akilala, anaona lori. Mpiga picha za modeli naye hufuata kanuni hiyohiyo: huishusha kamera hadi kimo ambacho mtu angekuwa nacho lau kitu hicho kingekuwa kikubwa kweli. Tunaziita mbinu zote za namna hii kiinimacho kwa sababu neno hilo linakiri kwamba kinachodanganyika ni jicho. Mtazamaji anajua, na bado anaona.

2.0 Modeli ndogo
Ukubwa peke yake hautoshi; uzito nao sharti uonekane. Muda wa kitu kuanguka hutegemea kipeuo cha pili cha umbali. Kwa hiyo modeli yenye uwiano wa 1 kwa 16 hutumia robo tu ya muda ambao kitu halisi kingeutumia. Ili kusahihisha kasoro hiyo, mpiga picha huchukua fremu 96 kwa sekunde badala ya 24, kisha filamu huonyeshwa kwa mwendo wa kawaida. Maji na moto, hata hivyo, havitii hesabu hii kikamilifu: tone la maji halipungui kwa kuwa meli imepunguzwa. Ndiyo sababu aghalabu modeli za matukio ya namna hiyo hufanywa kubwa.

Katika Metropolis (1927), Eugen Schüfftan alitumia vioo kuwaunganisha waigizaji na majengo madogo. Katika 2001: A Space Odyssey (1968), modeli kubwa ya chombo cha Discovery ilikaribia urefu wa mita 16. Katika Star Wars (1977), kamera iliongozwa kielektroniki ili irudie mwendo uleule mbele ya modeli mara nyingi. Ikumbukwe basi kwamba mitambo ya namna hii iliingia katika kazi hii kwanza ikiwa mtumishi wa modeli.

3.0 Picha za kompyuta
Katika The Last Starfighter (1984) vyombo vya angani vilitungwa kwa kompyuta badala ya modeli. Jurassic Park (1993) iliwashawishi wengi kwamba zama za mkono zimekwisha. Lakini Phil Tippett, aliyekuwa amepangiwa kuwahuisha wanyama wa filamu hiyo kwa vikaragosi, hakuachwa. Alibakizwa awaongoze watunzi wa kompyuta kuhusu mwendo wa wanyama. Aidha, modeli zilitumika tena katika Interstellar (2014) na Blade Runner 2049 (2017).

Kila njia ina gharama yake. Mwanga huiangukia modeli bila kuamriwa, na vumbi na mikwaruzo huja vyenyewe. Lakini modeli ikilipuliwa hairudiwi kwa urahisi. Kompyuta hurudia itakavyo, ila humo hakuna kijacho bure: hata vumbi lazima litungwe.

4.0 Afrika Mashariki
Katika Pumzi (2009), filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu iliyopigwa Afrika Kusini, mjadala huu umeingia katika kisa chenyewe. Kwa upande wa mbinu, Kahiu alichunguza filamu za miaka ya 1950, hususan michoro ya mandhari inayounganishwa na picha za waigizaji, na picha zinazomulikwa kutoka nyuma ya kiwambo. Kwa upande wa maudhui, mhusika mkuu, Asha, anafanya kazi katika makumbusho ya viumbe asilia yaliyo ya taswira, baada ya vita vya maji. Siku moja analetewa udongo halisi. Anapanda mbegu, inachipua, naye anatoka nje kuutafutia mche mahali pa kukua. Hivyo filamu inayotegemea taswira inamfanya shujaa wake aiache taswira na kukifuata kitu.

Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, si bunilizi ya kisayansi, lakini inakamilisha hoja. Silaha zake ziliundwa kwa vyuma chakavu. Milipuko na helikopta vilitungwa kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Kompyuta, kwa hiyo, si mali ya matajiri pekee. Hata hivyo, nakala asilia ya filamu ilipotea, na iliyosalia ni ile yenye sauti ya msimulizi wa video juu yake.

5.0 Hitimisho
Haitoshi kuuliza ni njia ipi bora. Mhakiki aulize katika kila picha: kazi ilifanyika wapi, na ushahidi wake uko wapi? Modeli nazo hupotea: nyingi za 2001 ziliharibiwa baada ya kazi. Tunapendekeza idara zetu zihifadhi modeli, mafaili na maelezo ya mafundi, maana bila hivyo historia ya sanaa hii itaandikwa kutokana na kiwambo peke yake.