Tairi la ndege ya zamani halichaguliwi kwa macho

NDEGE aina ya Piper Super Cub ilipoanza kuundwa Marekani mwaka 1949, ni wachache ambao wangebashiri kwamba baadhi yake zingali angani zaidi ya miaka 70 baadaye. Ndege hiyo ya viti viwili, iliyovishwa kitambaa badala ya bati, imetumika kwa miaka mingi nchini Kenya kufanyia doria katika mbuga kama vile Tsavo. Sifa yake ni kwamba huweza kuruka polepole na kutua katika kiwanja kifupi cha udongo ambako ndege kubwa haithubutu.

Injini ya ndege kama hiyo hufanyiwa ukarabati ikawa kama mpya, na kitambaa chake hubadilishwa. Kinachomkosesha mmiliki usingizi mara nyingi ni kitu kinachoonekana kidogo: matairi.

Ndege za Cub za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na rimu za inchi 4 na matairi ya kipimo cha 8.00-4. Kipimo hicho hakitumiki kwingi leo, hivyo wanaokiunda ni wachache na bei yake ni ya juu mno ikilinganishwa na tairi la kawaida la 6.00-6 ambalo limeenea katika ndege ndogo kote duniani. Hapo ndipo kishawishi huanza. Mmiliki hutazama tairi, akaona ni duara la mpira kama maduara mengine, akajiuliza kwa nini asitafute mbadala wa bei nafuu mjini.

Jibu limo katika nambari zenyewe. Katika 6.00-6, nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha rimu. Sasa, yapo matairi ya mashine za kukatia nyasi yaliyoandikwa 15x6.00-6, na hayo pia huingia kwenye rimu ya inchi 6. Fundi hodari wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hatakosa kumpata anayeyauza. Lakini tairi hilo lina kimo cha inchi 15 pekee, ilhali lile la ndege lina karibu inchi 17.5. Isitoshe, la mashine ya nyasi liliundwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ilhali lile la ndege huthibitishwa, kwa kawaida, kwa mwendo wa hadi maili 120 kwa saa. La kwanza halijawahi kupimwa kwa kazi ya kusimama tuli angani, kisha kugusa ardhi ghafla na kulazimika kuzunguka kwa kasi kamili kabla ya mtu kupepesa jicho.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Marekani (FAA) ina viwango viwili ambavyo kila mmiliki anafaa kuvijua. TSO-C62 kinahusu matairi na TSO-C26 kinahusu magurudumu pamoja na breki. Tairi lililotimiza kiwango huwa na alama hiyo ubavuni, pamoja na kipimo, kiwango cha tabaka, uzito linaoweza kubeba, mwendo wa juu na nambari ya utambulisho. Tairi lisilo na maandishi hayo halina cha kujadiliwa.

Lakini alama hiyo pekee haitoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. TSO huthibitisha kwamba tairi ni zuri; haisemi kwamba linafaa ndege fulani. Ruhusa ya kulifunga hutoka katika hati ya data ya cheti cha aina ya ndege hiyo. Kila muundo una hati yake, na ya Super Cub hujulikana kwa nambari 1A2. Humo ndimo zimeorodheshwa rimu, matairi na breki zilizokubaliwa kwa kila modeli, pamoja na uzito wake. Tatizo la ndege za zamani ni kwamba baadhi ya sehemu zinazotajwa huko ni za kampuni zilizoacha kuziunda kitambo. Baadhi zilikuwa na breki za mpira unaofutuka ndani ya ngoma ya gurudumu, na kupata mpira huo leo ni sawa na kutafuta sindano katika rundo la nyasi kavu.

Suala la uzito linahitaji hesabu kidogo. Tairi la 6.00-6 lenye kiwango cha tabaka 4 hubeba ratili 1,150, yaani karibu kilo 520. Lenye kiwango cha tabaka 6 hubeba ratili 1,750, karibu kilo 790. Super Cub yenye injini ya nguvu-farasi 150 haipaswi kuzidi kilo 794 ikiwa imejaa. Hata uzito wote ukilaliwa na magurudumu mawili ya mbele, kila moja litabeba kilo 397, kwa hivyo tabaka 4 zinatosha. Cessna 185 ya miaka ya baadaye ni jambo jingine. Uzito wake wa juu ni karibu kilo 1,520, sawa na kilo 760 kwa kila gurudumu. Mwenye Cessna hiyo akiazima matairi ya tabaka 4 kutoka kwa jirani mwenye ndege nyepesi, atakuwa amefunga tairi linalozidiwa kwa kilo 240 hata kabla injini haijawashwa. Kwa macho, matairi hayo mawili yanafanana kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba Kenya si tambarare ya pwani pekee. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege inayotua ikiwa na usomaji ule ule wa kipima mwendo hugusa ardhi kwa kasi halisi iliyozidi ya Malindi kwa takriban asilimia 10. Nishati ambayo breki zinapaswa kumeza huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Breki iliyokuwa ikisuasua Pwani itafichua udhaifu wake Nairobi, na udhaifu huo hutokea wakati mbaya.

Mmiliki ambaye hawezi kumudu sehemu asilia ana njia halali ya kutokea, nayo ni cheti cha nyongeza cha aina, maarufu kama STC. Kampuni kadhaa zimepata vyeti vya kubadilisha magurudumu ya zamani kwa yale ya inchi 6 yenye breki za diski. Mabadiliko hayo humwezesha mwenye Cub kuagana na tairi adimu la 8.00-4. Gharama ya mwanzo huuma, lakini kwa anayekusudia kuirusha ndege yake kwa miaka mingi huenda huu ndio uamuzi wa busara kuliko wote. Jambo la kuangalia ni kwamba STC hutaja modeli zinazohusika, na sharti mwenye cheti atoe kibali cha maandishi cha kukitumia. Nakala iliyopigwa chapa kutoka kwa rafiki si kibali. Aidha, pampu ya breki inapaswa kulingana na breki mpya, na mafuta yake yawe yale mekundu ya ndege. Mafuta ya breki za gari huharibu mipira ya mfumo huo.

Wapo pia wanaotamani matairi makubwa laini yaliyopata umaarufu Alaska, ambayo mengine yana kimo cha inchi 31. Katika mchanga wa lugga na kwenye mawe, hayana mshindani. Lakini yana bei yake, na si ya fedha tu. Huongeza uzito na ukinzani wa hewa, hivyo ndege hupunguza mwendo. Huinua pua ya ndege inapokuwa chini, na rubani huona kidogo zaidi mbele yake. Kisha kuna breki: tairi likipanda kutoka inchi 22 hadi 31, nguvu ile ile ya breki huzaa uzuiaji pungufu kwa karibu asilimia 30 pale mpira unapogusa ardhi. Na miiba ya migunga haibagui tairi la bei ghali.

Nchini, mabadiliko yoyote ya namna hii hupitia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA). STC ya Marekani ni msingi mzuri wa ombi, lakini ndege iliyosajiliwa kwa alama za 5Y iko chini ya sheria za Kenya, na mmiliki hufanya vyema kupata idhini kabla ya kuagiza bidhaa, wala si baada ya mzigo kufika. Sehemu yenyewe inapaswa kuandamana na cheti cha kuidhinishwa, kama vile Fomu 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya Ulaya. Bila karatasi hiyo, fundi mwenye leseni hatakubali kutia sahihi, na ajali ikitokea, kampuni ya bima itapata sababu ya kukataa kulipa.

Anayenunua magurudumu yaliyotumika ana kazi ya ziada. Rimu nyingi za zamani ziliundwa kwa magnesi, metali nyepesi isiyovumilia chumvi. Ndege iliyolala Lamu au Ukunda kwa miaka huweza kuwa na rimu inayong'aa nje huku imeliwa mahali ambapo ukingo wa tairi hukaa. Rangi ya zamani sharti iondolewe na rimu ikaguliwe kwa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa, kwani ukaguzi wa sumaku haufanyi kazi kwenye metali hiyo.

Wakati wa kufunga, tyubu iwe ya kipimo cha tairi lile lile. Nukta nyekundu kwenye tairi huonyesha upande mwepesi, nao hulinganishwa na mstari wa manjano wa tyubu ulio upande mzito. Mstari usipokuwepo, hulinganishwa na vali. Rimu za ndege ndogo huwa na nusu mbili zilizoshikwa kwa bolti, na upepo wote sharti utolewe kabla ya bolti hata moja kulegezwa. Mafundi wameumia vibaya kwa kusahau hatua hiyo.

Tairi jipya hutanuka katika saa 24 za kwanza na shinikizo lake hushuka, kwa hivyo hupimwa tena siku ya pili likiwa baridi. Baada ya hapo, kila badiliko la nyuzijoto 3 hubadilisha shinikizo kwa takriban asilimia 1. Ndege iliyojazwa upepo saa tano za mchana huko Lodwar kisha ikalala Nanyuki itaamka na matairi yaliyonywea, na rubani anayeondoka alfajiri ndiye anayepaswa kuwa na kipimo mkononi.