Gundam 0080: Katuni ya maroboti inayomkuza mtoto kwa uchungu

Unadhani anime za maroboti ni kupigana tu? Gundam 0080 ya Japani, iliyotoka mwaka 1989, ina vipindi sita tu na inasema kingine. (Tahadhari: tunataja mwisho.)

Al, mwanafunzi wa shule ya msingi, anaona vita ni burudani. Anakuwa rafiki wa Bernie, askari kijana aliyetumwa kuharibu roboti mpya ya adui, Gundam. Dogo hajui kuwa rubani wake ni Chris, dada wa jirani.

Al anapata habari kwamba pambano halina haja tena. Anakimbia kulizuia, anachelewa. Bernie anakufa, na Chris hajui amemuua nani.

Shuleni Al analia. Wenzake wanambembeleza: usijali, vita vingine vitakuja. Wao bado watoto. Al si mtoto tena.