Wake Wenza wa Kabul

A Thousand Splendid Suns, riwaya ya Khaled Hosseini, mzaliwa wa Kabul aishiye Marekani, ilichapishwa mwaka 2007. Inapitia mapinduzi ya 1978 nchini Afghanistan, uvamizi wa Usovieti, mapigano ya mujahidina na utawala wa Taliban. Sehemu kubwa ya historia hiyo msomaji huiona akiwa ndani ya nyumba moja, ya fundi viatu Rasheed.

Mariam, mtoto wa nje ya ndoa kutoka Herat, anaozwa kwa Rasheed akiwa na miaka 15. Mimba zake zinaharibika, na kila inayoharibika inamwongezea kipigo. Jirani yao Laila ni binti wa mwalimu. Kombora linapowaua wazazi wake, Rasheed anamfukua kifusini, kisha anamposa. Ana miaka 14 tu. Anakubali kwa sababu ana mimba ya Tariq, kijana ampendaye, na ameletewa habari za uongo kwamba Tariq amekufa.

Urafiki wa Mariam na Laila unaanzia kwenye uadui, na hapo ndipo Hosseini anapoonyesha ustadi wake. Mariam anamwona mke mwenza kama mwizi wa mume, ingawa mume mwenyewe hana thamani ya kugombewa. Siku moja Rasheed anamwendea Mariam akiwa na mkanda mkononi, na Laila anamzuia. Hakuna aliyewahi kumtetea Mariam hivyo. Baadaye Laila anakuta nguo za mtoto zilizoshonwa na Mariam, na usiku wanakaa uani wakinywa chai. Tangu hapo wanamlea mtoto pamoja, wanajaribu kutoroka pamoja mwaka 1994, na wanarudishwa na polisi pamoja. Chini ya Taliban, Laila anapasuliwa bila dawa ya ganzi ili ajifungue, Mariam akiwa kando yake.

Rasheed amechorwa kwa wino mweusi mno; kinachompa ubinadamu kidogo ni mapenzi yake kwa mwanawe Zalmai, na mwana huyo anampenda kwa dhati. Kwa hiyo Mariam anapomuua Rasheed kwa beleshi ili kumwokoa Laila asinyongwe, anajua pia kwamba amemnyima mtoto baba yake. Anajisalimisha peke yake, naye anauawa hadharani katika uwanja wa Ghazi.

Muundo wa kitabu unafuata uhusiano huo. Sehemu ya kwanza ni ya Mariam, ya pili ni ya Laila, na katika ya tatu sura zinapokezana baina yao. Katika ya nne anabaki Laila, aliyerudi Kabul na Tariq, ambaye kumbe alikuwa hai, akifundisha katika kituo cha yatima.