Zahabu mbele ya mkubwa wa kazi

Wafinalisti wetu wakiitwa kuulizwa kwa ajili ya kazi, wengine wanaazima kwanza mkufu ao saa ya zahabu. Je, zahabu inaleta kazi?

Tusidanganyane: macho yanahukumu mbele ya masikio. Katika mwaka 1920 Mwamerika Edward Thorndike alionyesha kama wakubwa wa jeshi, wakimsifu askari kwa umbo lake, walimsifu pia kwa akili na tabia. Na katika mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi waliwaonyesha watu sinema ya mtu akiulizwa kazi. Alipovaa shati yenye alama ya bei kali, walimwona anafaa zaidi, tena anastahili mshahara mkubwa zaidi.

Basi tuazime? Hapana. Wale walitazama sinema tu. Hawakuwa na mshahara wa kulipa. Mkubwa wa kweli anaweza kufikiri: “Mshahara wetu hautamtosha huyu.” Na saa ya kuazima ikipotea njiani, deni linakufikia mbele ya kazi.

Shauri letu ni hili: shati safi, viatu vilivyopigwa rangi, diploma ndani ya bahasha, majibu tayari. Na ninyi mutakaokuwa wakubwa kesho, waulizeni watu wote maulizo yale yale, na muandike majibu yao. Hivi zahabu haitapata nafasi ya kujibu pahali pa mwenyewe.