Habari ni ya Wote, Makala Ina Mwenyewe

Tangu Agosti 5, 2017, siku Marais John Magufuli na Yoweri Museveni walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi pale Chongoleani, Tanga imekuwa ikiandikwa sana na magazeti ambayo wenyeji wake hawayaoni. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na 1,147 kati ya hizo zimo ndani ya Tanzania. Benki ipi imekubali kukopesha, kampuni ipi imejitoa, wanaharakati wamefungua kesi wapi: mambo haya mara nyingi huchapwa kwanza na Financial Times la London au shirika la Bloomberg la New York. Mtu wa Makorora akibonyeza linki anaonyeshwa kichwa cha habari na sentensi mbili tatu, halafu anaambiwa alipie, tena kwa kadi ya benki. Haipiti saa, makala yote imebandikwa kwenye grupu la WhatsApp, neno kwa neno, na chini yake yale maneno tuliyoyazoea: "Nimeileta kama nilivyoipokea."

Magazeti ya nyumbani nayo hayajasalimika. Muuza magazeti wa Ngamiani hajafungua hata kamba ya furushi lake, na tayari mafaili ya PDF ya siku hiyo yanazunguka kwenye simu, ukurasa wa mbele hadi wa michezo.

Maadmini wa magrupu huniuliza kama huo ni wizi. Jibu langu huwachosha, kwa sababu naanza na swali: kilichobebwa ni kipi, habari au makala?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, hailindi habari za siku kama habari. Si ubunifu wetu huo. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, unasema vivyo hivyo. Meli imetia nanga, bei ya mkonge imepanda, mahakama imetoa hukumu: yakishatangazwa, mambo hayo hayana mwenyewe, hata kama mwandishi mmoja alikesha wiki nzima kuyafukua. Chenye mwenyewe ni namna yalivyoandikwa. Mpangilio, maneno, uchambuzi na picha vinalindwa muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo nikikusimulia kwa maneno yangu nilichosoma asubuhi kwenye Mwananchi, sijachukua mali ya mtu. Nikinakili aya zote na kuzitupia watu mia mbili, nimechukua.

Katikati ya hapo kuna nukuu. Sheria inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, mradi unukuu kwa uungwana, usizidishe kiasi ambacho shabaha yako inakihitaji, na utaje chanzo na mtunzi. Nimesikia mara nyingi kwamba asilimia kumi ni halali. Sheria haikuweka asilimia. Aya mbili za makala ndefu, zikifuatwa na maoni yako kuhusu hizo aya mbili, hazitamsumbua hakimu yeyote. Aya mbili za makala yenye aya tatu ni jambo jingine. Na hapa niseme na wanaoandika "Chanzo: Mwananchi" chini ya makala nzima waliyoibandika. Utaratibu huo umezoeleka kwenye mijadala ya mtandaoni ya Kitanzania tangu zama za mwanzo za JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, na wengi huuona kama hati ya kuhalalisha. Kutaja chanzo ni wajibu wa anayenukuu. Hakumpi mtu ruhusa ya kuchukua kazi nzima.

Wengine hujitetea kwamba hawauzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifikiria hilo: inatenganisha anayevunja haki miliki kwa biashara na anayevunja bila biashara, na wote wawili imewawekea adhabu. Kutokuuza kunapunguza ukubwa wa adhabu, kosa linabaki palepale. Mimi simjui mwanagrupu wa kawaida aliyepelekwa mahakamani kwa kuforwadi makala, na sidhani kama ingekuwa busara kumpeleka. Lakini kuna umbali kati ya jambo lisiloshtakiwa na jambo halali.

Mbona basi watu waungwana, ambao hawawezi kuchukua hata embe la jirani, hulifanya jambo hili bila kusita? Nadhani sababu iko kwenye historia ya usomaji wenyewe. Mkoa huu ni miongoni mwa vitovu vya kale vya gazeti la Kiswahili. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa UMCA walikuwa wakichapa Habari za Mwezi pale Magila, Muheza. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ikawa inatoa Kiongozi, gazeti lililosomwa na makarani, walimu na maakida mpaka vita vya kwanza vya dunia vilipolizima mwaka 1916. Baadaye, kuanzia 1923, likaja Mambo Leo la serikali ya Waingereza kutoka Dar es Salaam. Wajuao kusoma walikuwa wachache. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza na kubishana, kisha gazeti likahamia nyumba ya pili. Gazeti la Kiswahili lilizaliwa likiwa mali ya baraza zima.

Kisheria, mzunguko ule haukuwa na dosari. Ukinunua gazeti la karatasi na kuniazima, nakala bado ni moja. Lililo kwangu haliko kwako. Faili la PDF halihami. Ukinitumia linabaki kwako na lingine linazaliwa kwangu, na nikiliingiza kwenye grupu zinazaliwa nakala kwa idadi ya wanachama. Hakimiliki, kama lilivyo jina lake la Kiingereza, ni haki juu ya kunakili kabla ya kuwa haki juu ya kusoma. Mkono unafanya kile kile ambacho babu alifanya na Mambo Leo, ila simu inafanya kazi ya mtambo wa kuchapia.

Mabishano ya mpaka huu hayakuanza na WhatsApp. Mwaka 2017 Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Habari, alivielekeza vituo vya redio na televisheni viishie kwenye vichwa vya habari katika vipindi vyao vya asubuhi vya kupitia magazeti, viache kusoma habari zenyewe hadi mwisho. Hoja ilikuwa kwamba msikilizaji akishasomewa kila kitu hana sababu ya kwenda kununua. Agizo lilizomewa, na mimi naona lilikuwa kali kupita kiasi, kwa sababu mtangazaji anayesimulia habari kwa maneno yake amesimama ndani ya sheria kabisa. Hata hivyo swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa la kweli: gazeti litaishi kwa fedha gani?

Jibu ambalo wachapishaji wengi duniani wamelichagua ni ukuta wa malipo. Wall Street Journal waliujenga miaka ya 1990. New York Times waliuleta Machi 2011, wakiruhusu makala 20 za bure kwa mwezi, na mwaka uliofuata wakashusha hadi 10. Jirani zetu wa Nation mjini Nairobi waliufikia mwaka 2021. Kwetu hapa magazeti makubwa bado yanaacha habari nyingi wazi kwenye tovuti na kutoza toleo kamili la kidijitali, lile linalofanana na la karatasi.

Kuta hizi si za aina moja, na ndiyo maana baadhi hurukwa kirahisi. Ule wa kuhesabu huweka alama ndogo kwenye kivinjari cha simu yako, ikumbuke umesoma makala ngapi. Ukifuta kumbukumbu za kivinjari unaonekana mgeni tena. Aina nyingine huileta makala yote mpaka kwenye simu, kisha huifunika na tangazo la malipo, ili mitambo ya kutafutia kama Google iweze kuyasoma maneno yaliyo chini yake. Ukuta mgumu hautoi neno mpaka seva ihakikishe umelipa. Toleo la PDF ndilo dhaifu kuliko yote. Ukishalipakua, ukuta umebaki nyuma na faili liko huru. Baadhi ya wachapishaji hutia ndani yake alama inayomtambulisha mnunuzi, ili wajue ndoo ilivujia wapi.

Nchini India jambo hili limefika mbele ya majaji. Wachapishaji wa Dainik Jagran, gazeti kubwa la Kihindi, waliishtaki Telegram kwa sababu ya chaneli zilizokuwa zikimwaga toleo lao la PDF kila siku. Mei 29, 2020 Mahakama Kuu ya Delhi iliiamuru Telegram iziondoe chaneli hizo na itoe utambulisho wa waliozifungua. Amri hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha mwenye gazeti humtafuta nani. Hahangaiki na bibi wa Pangani aliyepokea na kusoma. Anamtaka aliyejenga mfereji, yule ambaye kila alfajiri, bila kukosa, anapakia magazeti saba ya leo.

Kwenye upande wa hasara, mawazo yetu huenda haraka kwa mwenye kampuni, na huyo hatumwonei huruma sana. Tazama upande wa mkoani. Habari za Lushoto, Mkinga au Kilindi mara nyingi huletwa na mwandishi asiye na mshahara, anayelipwa kwa kila habari inayochapwa. Akienda Chongoleani kuuliza habari za fidia, nauli ni yake na bando ni lake. Mapato ya gazeti yakipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni kurasa za mikoani, na yeye ndiye wa mikoani. Wapenzi wa taarabu wa mji huu wanaukumbuka mchezo kama huo: nyimbo za Black Star na Lucky Star zilisikika pwani nzima, kanda zikanakiliwa duka kwa duka, na waimbaji hawakuona sehemu kubwa ya fedha hizo. Nikiitaja COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, watu bado hufikiria wanamuziki tu. Mwandishi wa habari naye ni mtunzi kwa sheria ile ile, ingawa hakimiliki ya kazi ya mwajiriwa kwa kawaida hushikwa na mwajiri.

Lawama sitaziacha kwa msomaji peke yake. Gazeti la kigeni likidai kadi ya benki na malipo ya mwaka mzima kutoka kwa mtu anayetaka makala moja tu kuhusu bomba linalopita shambani kwa mjomba wake, limeshajifungia nje ya soko hilo. Hapa kwetu mtu hununua bando la siku, vocha ya mia tano, sukari ya kupima. Fedha ziko kwenye simu tayari. Mchapishaji anayeuza makala moja moja kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa bei isiyomfanya mtu afikirie mara mbili, atapunguza kuforwadi kuliko vitisho vyote vya wanasheria, mimi nikiwemo. New York Times wenyewe wamemwachia mwanachama wao nafasi ya kuwatumia watu makala 10 kila mwezi, na anayetumiwa husoma bila kulipa. Wanajua kwamba makala nzuri huwa na msukumo wa kutaka kupelekwa kwa mwingine. Ukiwa na usajili wa gazeti lolote, tafuta kwanza kama kitufe cha namna hiyo kipo. Linki yake ni halali, na gazeti linapata kujua limesomwa.

Pasipo kitufe, grupu lina njia ambayo naiona bora hata kuliko makala yenyewe. Yule mwenye kulipia na anayekijua Kiingereza cha benki na mikopo asome, kisha arekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu: nani kasema nini, fedha kiasi gani, inahusu vijiji vipi. Aweke na linki. Wazee wengi wa Chongoleani hawatafuti sentensi za Financial Times, wanatafuta kilichosemwa juu ya ardhi yao, na hilo sheria imeliacha wazi. Wenye bidii huenda hatua ya mbele wakaitafsiri makala yote, aya kwa aya, wakidhani Kiswahili kimeigeuza kuwa yao. Hapo wanateleza tena, maana haki ya kutafsiri nayo ni ya mwenye makala. Ujumbe wa sauti uwe muhtasari, kwa maneno ya msimuliaji mwenyewe.