Gharama ya Uzazi: Funzo Kutoka Msitu wa Jozani

Ukitoka Mjini Unguja kwa gari kuelekea kusini-mashariki, utapita Jozani, ambako kima punju huvuka barabara na watoto wao vifuani. Kima huyu mwenye mgongo mwekundu asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Penginepo duniani hana asili.

Miongoni mwa wanaomchunguza ni Dokta Alexander Georgiev wa Chuo Kikuu cha Bangor, Uingereza. Kabla ya kuja Unguja, mtaalamu huyu aliwafuata sokwe wa Kanyawara, katika msitu wa Kibale, Uganda, kazi iliyompatia shahada ya udaktari ya Harvard mwaka 2012. Swali lake lilikuwa hili: je, dume naye hugharimika katika uzazi?

Jibu lilitafutwa katika mienendo yao na katika mkojo. Homoni ni kemikali ambazo tezi humimina katika damu ili zipeleke amri kwa viungo vingine, na mabaki yake hutoka mwilini. Mtafiti huukinga mkojo chini ya mti, bila sindano wala kumgusa mnyama. Testosteroni humweleza habari za ushindani wa madume. C-peptidi, ambayo mwili huitoa pamoja na insulini, humjulisha kama mnyama anapata chakula cha kutosha. Ilidhihirika kwamba jike anapokuwa tayari kupandwa, madume hupunguza muda wa kula. Kumbe hata baba hulipa!

Mama hulipa zaidi, kwani ndiye abebaye mimba na kunyonyesha. Kima punju huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na hupita muda mrefu kabla hajazaa tena. Taabu hiyo yote huweza kupotea kwa kufumba na kufumbua. Kabla ya matuta kujengwa katika barabara ya Jozani, kima mmoja aliripotiwa kuuawa na gari kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta, mmoja kila wiki sita. Hesabu ya kima wote, iliyotangazwa mwaka 2019, ilizidi 5,800 kidogo tu.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ufikapo Jozani punguza mwendo. Dakika utakayoipoteza hurudi. Mtoto wa kima hakupatikana kwa dakika moja.